Maisha ya Mbaraka Mwinshehe, Mpiga Gitaa Aliyepata Ajali Kisauni

Katika kurasa zilizotangulia mmesoma historia ya kwaya yetu, majina ya walimu waliotulea na orodha ya nyimbo tutakazoimba siku ya jubilei. Hapa kamati imeamua kuweka maisha ya mtu ambaye hakuwahi kusimama na kwaya ya kanisa hata siku moja. Alikuwa Mwislamu kutoka Tanzania, mwanamuziki wa dansi, mwimbaji, mpiga gitaa la solo na kiongozi wa bendi. Jina lake ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Hatukuafikiana upesi. Katika kikao wako waliosema kwamba kijitabu cha kanisa si mahali pa watu wa dansi, na hoja yao si ya kupuuzwa, maana wengi wetu tuna kaka au mjomba aliyepotelea kwenye kumbi za pombe na hajarudi hadi leo. Wengine wakauliza swali moja tu: wapiga gitaa wetu wa kwanza walijifunzia wapi? Kila mtu alijua jibu. Walijifunzia redioni na kwenye santuri, na mkono uliowafundisha zaidi ya mwingine wowote ulikuwa wa Mbaraka. Halafu likaja jambo la pili, kwamba ajali iliyomuua ilitokea hapa hapa Kisauni, na vijana wengi wa kwaya hawakuwa wamewahi kusikia habari hiyo. Basi ikakubaliwa tuandike, kwa sharti kwamba tusimpambe.

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 huko Mzenga, Kisarawe, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Pwani, Tanganyika ya wakati huo. Jina lenyewe ni neno tulijualo, maana yake ni mwenye baraka. Alikulia na kusoma Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru, kiasi cha kilomita 200 kutoka Dar es Salaam. Anayetaka kuelewa mambo yake lazima auelewe mji huo kidogo. Reli ya kati inapita hapo. Barabara za kwenda Dodoma na Iringa zinaachana hapo. Mashamba ya mkonge yalikuwa yameuzunguka, na mashamba hayo yalikuwa na maelfu ya vibarua waliotoka kila upande wa nchi. Mwisho wa mwezi watu walikuwa na mshahara mfukoni na walikuwa mbali na kwao. Muziki ulipata wateja.

Ndiyo maana mji ule usio mkubwa ulikuwa na bendi mbili zilizosikika Afrika Mashariki nzima. Ya kwanza ni Morogoro Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka ule ule wa 1944 aliozaliwa Mbaraka. Msidanganyike na neno jazz. Siku hizo kila bendi ya dansi ilijiita hivyo, kama Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na Nuta Jazz, na hakuna iliyopiga muziki wa kina Louis Armstrong. Ya pili ni Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambayo jina lake linaonyesha santuri za Kuba zilivyowapagawisha watu wa zamani hizo. Salum Abdallah alikuwa mtunzi hodari kuliko wote wa wakati wake pale Tanzania, na mwaka 1965 alifariki kwa ajali ya gari. Tunawaomba msomaji na mwenzake aliyeketi karibu naye waliweke jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

Hapa inafaa tuseme kitu juu ya asili ya muziki huu, kwa sababu baadhi ya washirika hudhani dansi lilishuka kutoka Kongo likiwa limekamilika. Sivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, kwenye pwani yetu hii, vijana wa Mombasa na Lamu walianza ngoma ya beni, wakiiga tarumbeta, ngoma na sare za bendi za kijeshi za Wazungu. Beni ikashuka hadi Tanga na Dar es Salaam, ikaingia bara, ikaenda na askari vitani mwaka 1914. Vyama vya beni vilikuwa na viongozi, sare, mashindano na michango, na vyama vya dansi vilivyofuata vilirithi utaratibu huo. Wakati huo huo, hapa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875, watu walikuwa wakifundishwa nyimbo za kanisa kwa sauti nne. Sauti nne hazikubaki kanisani. Ukisikiliza waimbaji watatu wa bendi ya miaka ya 60 wakipokea kiitikio, utawasikia tena na alto wakitembea pamoja kama walivyofundishwa shule za misheni. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kanisa kuazima kwa dansi, tukumbuke kwamba dansi liliazima kwanza.

Mbaraka aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 60, akiwa kijana wa miaka 20 na ushei. Bendi ilikuwa na watu wazima waliomtangulia, na kiongozi wake alikuwa Kulwa Salum, mpiga saksafoni. Kijana aliingia kama mpiga gitaa. Haikuchukua muda mrefu sauti yake na gitaa lake vikawa ndiyo sura ya bendi, na watu waliponunua santuri waliuliza ya Mbaraka, si ya Morogoro Jazz. Walimpa jina la Soloist National, mpiga solo wa taifa.

Tueleze gitaa hilo, kwa kuwa ndilo lililotufikisha hapa. Bendi za wakati huo zilikuwa na gitaa la solo, gitaa la ridhimu ambalo Watanzania huliita gitaa la kati, na gitaa la besi, ambalo wao huliita gitaa zito. Juu yake ziliwekwa saksafoni na tarumbeta, na chini yake ngoma na tumba. Wapiga solo wengi walikuwa wakimfuata Dr Nico na Franco wa Kongo, na Mbaraka naye aliwasikiliza, hilo haliwezi kukanwa. Lakini yeye alikuwa na jambo lake. Hakuwa na haraka. Mwimbaji alimaliza mstari, na mwimbaji mara nyingi alikuwa yeye mwenyewe, kisha gitaa likajibu kwa noti chache zilizo safi, zinazosikika moja moja, kana kwamba nalo linaongea Kiswahili. Alipofika sehemu ya mwisho, ambapo uimbaji unakoma na watu wanacheza, alichukua kipande kidogo cha sauti tatu au nne akakirudia, akakigeuza kidogo, akakirudia tena, hadi msikilizaji akaacha kuhesabu. Kijana anayejifunza aliweza kukifuata kipande hicho. Hii ndiyo sababu kubwa ya Mbaraka kuwa mwalimu wa watu ambao hakuwaona. Solo za wengine zilikuwa za kustaajabia tu. Za kwake zilishikika, ukiwa na subira na redio yenye betri.

Wazee wetu wa besi wanasimulia kwamba katika miaka ya mwanzo ya kwaya, wimbo mpya ulipoletwa, mpiga solo alikuwa hatafuti noti kwenye kitabu. Alitafuta kwanza ni wimbo gani wa Mbaraka unaokwenda kwa mwendo ule, akaanzia hapo. Washirika wenye masikio walitambua. Mwalimu wa kwaya naye alitambua, ila alinyamaza, maana maneno yalikuwa ya Zaburi.

Jambo jingine ni maneno. Sisi tunaofundisha Kiswahili darasani tunajua ilivyo vigumu kumfanya mwanafunzi atamke neno lote hadi silabi ya mwisho. Mbaraka alitamka. Alikuwa na sauti ya kati, isiyopiga kelele, na hakuna neno lililomezwa na ngoma. Alitunga juu ya mambo ya watu: mapenzi, masimango ya nyumbani, fedha, ugeni wa mtu wa shamba anayefika mjini. Majina ya nyimbo zake yenyewe yanaonyesha, kama Masimango, Jogoo la Shamba na Pesa No. 1. Kwaya zetu nyingi, tuseme ukweli, zina mengi ya kujifunza hapo. Mara ngapi mshirika hutoka ibadani akisifu mavazi na mwendo, na ukimuuliza wimbo ulisema nini hajui?

Pia alifanya kazi katika nchi iliyotaka wanamuziki wake waseme jambo. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na kuanzia hapo bendi za Tanzania zilitarajiwa kuimba ujamaa, kujitegemea na kilimo. Baadhi ya nyimbo hizo hazisikilizwi tena, na si hasara kubwa. Lakini uko wimbo mmoja wa Mbaraka wa aina hiyo ambao bado unawatoa watu machozi. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Dr Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, aliuawa kwa risasi huko Ismani na mkulima aliyepinga mashamba ya ujamaa. Mbaraka alitunga wimbo wa maombolezo uitwao Dr Kleruu. Ni wimbo wa msiba uliopigwa na bendi ya dansi, na gitaa ndani yake linalia bila kupiga makelele. Mpiga gitaa yeyote wa kwaya anayetakiwa kupiga kwenye mazishi angefanya vizuri kuusikiliza mara tatu kabla ya kwenda.

Nyimbo hizo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Studio ilikuwa ya serikali, na bendi nzima iliingia chumba kimoja, ikapiga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho mbele ya mikrofoni chache. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Hakukuwa na kompyuta ya kunyoosha sauti iliyopinda. Mnapozisikia rekodi zile leo, na zikiwa safi hivyo, jueni kwamba ni mazoezi tu. Tumelitaja hili kwa makusudi, na wale wanaofika mazoezini saa moja baada ya kuanza wanajijua.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani. Yalikuwa Maonyesho ya Dunia mjini Osaka, yaliyofunguliwa Machi na kufungwa Septemba mwaka huo, na bendi ilipelekwa kuiwakilisha Tanzania. Hebu fikirini vijana wa mji wa mkonge wakishuka Osaka na magitaa yao. Mbaraka alirudi na wimbo uitwao Expo 70. Baada ya safari hiyo hakuna tena aliyeweza kusema kwamba bendi za Morogoro ni za mkoani.

Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano. Kuondoka kwa namna hiyo kulikuwa kawaida kwa wanamuziki wa dansi. Bendi nyingi zilikuwa za vyama au za mashirika, ala zilikuwa za mwenye bendi, na mwanamuziki akitoka alitoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo kuwa na bendi yako kulikuwa ndoto ya wengi, na waliofaulu walikuwa wachache. Mbaraka alifaulu, akiwa bado hajafika miaka 30. Sasa alikuwa mtunzi, mwimbaji, mpiga solo, na pia mtu anayefikiria mishahara, usafiri na mahali pa kulala watu kadhaa. Yeyote aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kwaya inayosafiri kwenda tamasha Voi au Taveta anaelewa kazi hiyo inavyokula usingizi.

Santuri zilimleta Kenya. Tanzania ilikuwa na bendi nyingi na redio iliyorekodi kila siku, lakini biashara ya santuri ilikuwa Nairobi, ndiko kulikokuwa na makampuni na mitambo. Nyimbo za Mbaraka zilitoka katika santuri ndogo za wakati ule, upande mmoja una uimbaji na upande wa pili unaendelea na magitaa, na zilinunuliwa Kenya pengine kuliko kwao. Shida ndiyo iliyouzwa sana kuliko zote. Jina la wimbo linajieleza, na kila mtu anayo shida yake. Hapa Mombasa ulipigwa kwenye mahoteli, kwenye vinyozi, kwenye matatu, Likoni na Changamwe na huku kwetu, na hata watu waliozaliwa miaka 20 baadaye wanaujua mwanzo wake bila kujua ni wa nani.

Na hizo hazikuwa nyakati rahisi za kuvuka mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari ya mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Familia za Taveta na Holili, za Lunga Lunga na Horohoro, zenye shangazi upande huu na babu upande ule, zilijikuta zimekatwa. Muziki haukukatwa. Watu waliokatazwa kupitisha bidhaa waliendelea kusikiliza wimbo mmoja, kwa Kiswahili kimoja. Mwishoni mwa 1978 jeshi la Idi Amin lilikuwa limeivamia Kagera, Tanzania ikaingia vitani. Nchi yake ilikuwa vitani na mpaka wake na Kenya umefungwa, na Mbaraka alikuwa Mombasa.

Januari 1979, gari alimokuwa lilipata ajali Kisauni. Aliumia vibaya, akapelekwa hospitali mjini Mombasa, na huko akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Vijana waifahamu Kisauni ya wakati huo. Daraja la Nyali tunalolivuka leo lilikuwa halijafunguliwa, lilifunguliwa mwaka 1980. Watu walivuka kwa daraja la zamani, lile lililojengwa mwaka 1931, ambalo lilikuwa linaelea juu ya maji. Upande huu ulikuwa na minazi mingi kuliko nyumba. Mtu akiumia huku, matibabu makubwa yalikuwa kisiwani, ng'ambo ya maji.

Simulizi iliyobaki, na ambayo imeandikwa mara nyingi na watu wa muziki wa Tanzania, ni kwamba alitokwa na damu nyingi na haikupatikana damu ya kutosha ya kumwongezea. Hatuiandiki ili tumlaumu daktari au muuguzi. Wakati huo hospitali zilitegemea zaidi jamaa wa mgonjwa waje kutoa damu, na mgonjwa huyu alikuwa mgeni, kwao ni nchi nyingine na njia ya kwenda kwao imefungwa. Alikuwa na wapenzi wa nyimbo zake kila mtaa wa mji huu. Bila shaka usiku ule, katika nyumba fulani kati ya Kongowea na Bamburi, kuna mtu aliyekuwa akimsikiliza kwenye redio huku akiwa na damu ya kumfaa, na hakuna aliyejua kumwita.

Salum Abdallah barabarani mwaka 1965, Mbaraka barabarani mwaka 1979. Mji mmoja wa Morogoro ulitoa watungaji wawili wa namna hiyo, na magari yakawachukua wote wawili.

Mwili ulirudishwa Tanzania kwa mazishi. Baadaye kampuni ya santuri ya Polygram, Nairobi, ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho, kisha zikaja kanda za kaseti, na kwa njia hiyo kizazi kilichozaliwa baada ya ajali kikamjua. Wapiga gitaa wetu watatu waliopo sasa walijifunza kutoka kaseti hizo. Mmoja alituambia aliichakaza moja kwa kuirudisha nyuma kwa kalamu, ili asitumie betri.

Sasa turudi kwa wale waliopinga kikaoni, maana hawajaridhika wote na wana haki ya kujibiwa. Dansi na kanisa havijawahi kuwa na ukuta mrefu kama tunavyodhani. Huko Marekani, watu weusi walijenga muziki wao wa dansi juu ya nyimbo za kanisani. Ray Charles, mwaka 1954, alichukua namna ya kuimba ya makanisa yao akaitia maneno ya mapenzi, na waumini wengi walikasirika sana. Sam Cooke, mtoto wa mhubiri, alikuwa nyota wa kundi la injili la Soul Stirrers kabla hajavuka kwenda muziki wa dunia. Naye Aretha Franklin, aliyekwisha kuwa malkia wa muziki huo, Januari 1972 alirudi katika kanisa moja la Los Angeles akaimba na kwaya kwa siku mbili, na rekodi ya ibada hizo ikauzwa kuliko santuri zake nyingine zote. Huku kwetu Joseph Kamaru aliyeongoza bendi kwa miaka mingi aligeukia injili mwaka 1993. Tanzania, Cosmas Chidumule alitoka kwenye dansi akaingia katika nyimbo za injili, na Remmy Ongala akafanya hivyo miaka yake ya mwisho.

Mbaraka hakuvuka. Alikufa kijana, katika imani ya wazazi wake, na hatutaki kumfanya Mkristo wa kimyakimya ili tujisikie vizuri kumwandika. Maisha ya bendi yalikuwa maisha ya usiku, na waliokaa humo walijua madhara yake. Lakini hatuoni kwamba ni uongo kushukuru. Kila Jumapili, mpiga solo wetu anapojibu kiitikio kwa noti nne safi na akina mama wakainua mikono, kuna kitu pale kilichopita Morogoro kabla ya kufika hapa. Majirani zetu wengi wa Kisauni ni Waislamu, wanatusikia tukifanya mazoezi Alhamisi na Jumamosi kwa miaka yote hii, na wengine wanajua nyimbo zetu kuliko baadhi ya washirika. Mzee mmoja jirani, siku alipopita akasikia gitaa, alimwambia mwalimu wa kwaya kwamba mkono ule anaufahamu. Mwalimu alicheka tu.

Kuna ombi ambalo bado halijaamuliwa. Wapiga ala wameomba, siku ya jubilei, wakati wageni wanakula, wapige bila maneno mojawapo ya nyimbo za Mbaraka, na wamependekeza ule wa maombolezo ya Dr Kleruu. Wazee wa kanisa wameombwa kutoa jibu kabla ya mazoezi ya mwisho. Tukichapisha kijitabu hiki jibu lilikuwa halijatoka, kwa hiyo msishangae likipigwa, wala msishangae lisipopigwa.

Jambo lililoamuliwa, na bila mtu hata mmoja kulipinga, ni la damu. Tangu mlipuko wa bomu Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, ulioonyesha wazi jinsi nchi ilivyokuwa haina akiba, Kenya imeanzisha huduma ya taifa ya kukusanya damu kutoka kwa watu wanaojitolea, na kituo kimoja kiko hapa Mombasa. Hata hivyo damu hupungua kila mara shule zinapofungwa, kwa sababu wachangiaji wengi ni wanafunzi. Watu wazima tunaogopa sindano, au tunangoja hadi aliyelazwa awe wa kwetu. Siku hizi barabara zetu zina pikipiki, na wanaoumia sana ni vijana wenye umri kama aliokuwa nao Mbaraka, au chini yake.

Jumamosi ya wiki ya jubilei, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, wahudumu wa damu watakuwa katika ukumbi wa kanisa. Anayeweza kutoa ni mtu mwenye afya, wa umri wa miaka 16 hadi 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50. Kinachochukuliwa ni kiasi cha mililita 450, chini ya nusu lita, na kazi yenyewe ya kutoa haizidi dakika 15. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wasitoe. Kuleni asubuhi kabla ya kuja, na mnywe maji mengi, hasa kwa joto hili. Watu wa msikiti jirani wamealikwa na wamesema watakuja.

Majina yanaandikwa kwa katibu wa kwaya baada ya ibada ya kwanza na ya pili. Hadi sasa sauti ya tena ina majina 9, alto 14, soprano 11, besi 4. Wazee wa besi, tunawangoja. Asiyeruhusiwa kutoa kwa sababu ya afya au umri aje hata hivyo, kuna soda na biskuti za kugawa na viti vya kupanga.